Arbuni: Fedha Inayoitangulia Kazi

Miongoni mwa mambo yanayowagombanisha watu wema, fedha ya kutanguliza haiko mbali na mipaka ya mashamba na urithi wa marehemu. Mwenye nyumba anataka kuezeka upya, au kupiga lipu kuta zilizonyeshewa miaka mingi, au kuongeza chumba uani kwa ajili ya mama yake mzazi. Anamwita fundi, wanaizunguka nyumba pamoja, wanapatana bei. Kisha fundi hutamka maneno ambayo kila aliyewahi kujenga ameyasikia: "Basi nitangulizie kidogo, nikaanze." Fedha hutoka mfukoni mwa mmoja ikaingia mkononi mwa mwingine, na kazi yenyewe bado haijaonekana. Aghalabu kazi hufanyika, na hakuna anayeikumbuka tena fedha ile. Lakini siku mapatano yanapovunjika, wale wawili waliokuwa wakinywa chai kwenye kibaraza kimoja hugeuka mdai na mdaiwa, na kila mmoja huapa kwamba mwenziwe ni mwizi.

Nilifundisha historia, kisha nikaongoza shule, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika chuo cha ualimu. Mtu aliyezoea kufundisha historia hawezi kusikia ugomvi bila kuuliza ulianza lini. Nilipoufuatilia ugomvi huu niliona kwamba ni wa kale mno. Umepita katika vitabu vya dini, katika sheria za wafalme na katika mabunge ya mataifa, na kila ulikopita wenye hekima waliishia kwenye swali moja: fedha ile ilitolewa iwe nini? Hilo ndilo ningependa tulifikirie pamoja, ndugu msomaji, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya magomvi yetu hutokana na kutoliuliza swali hilo siku ile ile fedha ilipotolewa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina jina zuri la fedha hii, ingawa vijana wetu wanazidi kulisahau, nalo ni arbuni. Tumelipata kwa Waarabu, lakini wao hawakuwa wa kwanza kulitumia. Mataifa ya Kisemiti ya Mashariki ya Kati yalikuwa na neno la asili hiyo tangu zama za kale. Limo katika Biblia ya Kiebrania, kitabu cha Mwanzo, sura ya 38, pale Yuda anapoacha muhuri wake, kamba yake na fimbo yake kuwa rehani mpaka atakapoleta mwana-mbuzi. Wagiriki walilichukua, Warumi wakalipokea na kulifupisha kuwa arra, na Wafaransa wanalo mpaka leo katika umbo la arrhes. Sisi tunalo pia tendo la kurubuni, yaani kumhadaa mtu kwa kumtia tamaa. Sikio linaposikia arbuni na rubuni husikia karibu sauti moja, na wengi waliotoa arbuni wasiione kazi watasema kwamba lugha yetu iliyajua haya mapema.

Warumi, kama ilivyo desturi yao, waliliwekea jambo hili kanuni. Katika kitabu cha mafundisho ya sheria kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533, imeelezwa kwamba mnunuzi aliyetoa arbuni akirudi nyuma, arbuni yake imepotea. Na muuzaji aliyeipokea akirudi nyuma, atairudisha mara mbili. Wafaransa waliiweka kanuni ya namna hiyo katika sheria yao ya madai ya mwaka 1804. Tazama uzuri wake: upanga unakata kuwili. Anayetoa anajua atakachopoteza, na anayepokea naye anajua.

Kwa upande wa Uislamu mambo yalikwenda njia nyingine. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafii kwa jumla waliikataa biashara ya arbuni, wakihoji kwamba muuzaji anayebaki na fedha bila ya kutoa kitu chochote anakula mali ya mwenziwe pasipo haki. Wa madhehebu ya Hanbali waliikubali, wakitegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka katika ukhalifa wa Umar kwa sharti la namna hiyo. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililokutana nchini Brunei, liliiruhusu kwa sharti kwamba muda wa kusubiri utajwe wazi. Kwa kuwa Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafii, si ajabu kwamba wapo wazee ambao hadi leo husita kuishika fedha ya mtu aliyeghairi, hata kama desturi ya soko inawapa ruhusa.

Hata hivyo, wengi wa wakale hao walikuwa wakifikiria kuuza na kununua. Katika biashara ya namna hiyo kitu kipo tayari: nyumba imesimama, ngamia yupo, shamba linaonekana. Muuzaji akirudishiwa kitu chake hajapungukiwa sana. Kazi ya fundi ni jambo jingine. Siku ya mapatano hakuna kitu. Mbao bado ziko kwa muuza mbao, saruji bado iko dukani, na nguvu bado zimo mikononi mwa fundi. Ili kitu kiwepo, lazima fedha itangulie. Na hapa ndipo fedha moja inapobeba mizigo mitatu.

Mzigo wa kwanza ni ushahidi wa nia. Mwenye nyumba anamwambia fundi: nifungie wiki mbili, usichukue kazi ya mtu mwingine, na fedha hii ndiyo alama kwamba sitanii. Mzigo wa pili ni sehemu ya bei. Kazi ni ya shilingi kadha, nami nimeanza kulipa. Bado kiasi fulani. Mzigo wa tatu ni mtaji. Fundi hana fedha ya kununulia misumari wala kokoto, hivyo mwenye kazi anamkopesha uwezo wa kuanza. Mizigo yote mitatu huingia katika bahasha moja, na bahasha haina maandishi. Mapatano yanapovunjika, mwenye nyumba husema ilikuwa sehemu ya bei, kwa hiyo irudi yote. Fundi husema ilikuwa ya vifaa, kwa hiyo imekwisha. Au ilikuwa ya kunifunga, kwa hiyo ni yangu. Kila mmoja anasema kweli kwa theluthi moja.

Sheria zetu za mikataba zilitoka Uingereza kupitia India, kwa hiyo yafaa tutazame jinsi Waingereza walivyohangaika na jambo hili. Mwaka 1884 mahakama yao ya rufani ilisikiliza kesi ya mtu aliyenunua ardhi kwa pauni 12,500, akatanguliza pauni 500, kisha akachelewa mno kukamilisha ununuzi. Alipodai arudishiwe, majaji walikataa. Walisema fedha ile ilikuwa sehemu ya bei iwapo biashara ingekamilika, lakini pia ilikuwa dhamana ya kwamba mnunuzi atatimiza ahadi. Na aliyevunja ahadi hawezi kudai dhamana yake. Huo ni mzigo wa kwanza na wa pili. Mzigo wa tatu ulikuwa bado.

Lilibaki swali gumu zaidi: itakuwaje mapatano yakivunjika pasipo kosa la mtu? Mwezi Juni 1902 Mfalme Edward VII aliugua siku chache kabla ya kutawazwa, na maandamano ya sherehe yakaahirishwa. Watu walikuwa wamekodi vyumba vyenye madirisha yanayotazama barabara ya maandamano, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kulipa. Mwaka 1904 mahakama iliamua katika kesi mojawapo kwamba fedha iliyokwisha kulipwa ibaki iliko. Kwa maneno mengine, hasara ilale pale ilipoangukia. Ilikuwa kanuni rahisi kuikumbuka na ngumu kuipenda.

Kanuni hiyo iliishi karibu miaka arobaini, mpaka vita vilipoingilia kati. Mwezi Julai 1939 kampuni moja ya Poland iliagiza mashine za kuchambulia kitani kwa watengenezaji wa mji wa Leeds. Bei ilikuwa pauni 4,800, na theluthi yake, yaani pauni 1,600, ilipaswa kutangulizwa. Wakalipa pauni 1,000. Mwezi Septemba Ujerumani ikaivamia Poland, na bandari ya Gdynia, ambako mashine zingeshushwa, ikaangukia mikononi mwa adui. Wapolandi wakadai fedha yao. Watengenezaji wakajibu kwamba kazi imekwisha kuanza. Mwaka 1942 majaji wa Baraza la Malodi waliamuru pauni 1,000 zirudishwe, kwa sababu waliolipa hawakupata chochote. Lakini majaji wenyewe waliona kwamba uamuzi huo nao una ukali wake, kwani aliyeitumia fedha kwa uaminifu kuianza kazi angeachwa na hasara peke yake. Ndiyo maana katika mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likatunga sheria inayosema kwamba mkataba ukifa pasipo kosa la mtu, fedha irudishwe, ila mahakama inaweza kumwachia aliyeipokea kiasi cha kufidia gharama alizokwisha kuingia. Kwa mara ya kwanza mzigo wa tatu ulitambuliwa waziwazi katika sheria yao: fedha ya kutanguliza huliwa na kazi hata kabla kazi haijaonekana.

Ninaikumbuka sheria hiyo kila ninapofikiri juu ya jambo moja lililotokea mwaka 1987 katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha, kusini mwa nchi yetu. Mkufunzi mwenzangu alikuwa amenunua nyumba kuukuu ya makuti nje kidogo ya mji, akataka kuiezeka kwa bati. Akapatana na fundi seremala, mtu mzima mwenye sifa njema, akampa nusu ya bei. Miaka ile, msomaji atakumbuka, thamani ya shilingi ilikuwa imeshuka sana, hasa katika mwaka 1986, na bei za vifaa hazikungoja mtu. Fundi, kwa busara, aliwahi kununua mbao kabla hazijapanda tena, akaanza kukata kenchi kwa kipimo cha nyumba ile. Wiki moja baadaye barua ya uhamisho ikafika. Mkufunzi alitakiwa kuripoti Kagera. Nauli ya familia ilikuwa shida, na nyumba hakuihitaji tena. Akaenda kudai fedha yake.

Wazee watatu wa mtaa waliombwa wasikilize, nami nikaitwa niandike yatakayosemwa. Mkufunzi alisema kwa upole, "Fundi, sikulaumu kwa lolote. Lakini nyumba siezeki tena. Nirudishie changu, niondoke kwa amani."

Fundi akajibu, "Mwalimu, fedha yako sijaila. Ile pale uani kwangu, imekuwa mbao. Nikikurudishia fedha, mbao zile nitamwezekea nani? Zimekatwa kwa kipimo cha nyumba yako."

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda mrefu akawauliza wote wawili, "Wanangu, mlipopeana fedha hii, mlisema ni ya nini?" Hakuna aliyejibu upesi. Baadaye mkufunzi alikiri kwamba fundi alimtajia mbao, na fundi alikiri kwamba hakutaja kiasi. Wazee wakaagiza stakabadhi ya mbao iletwe. Wakahesabu siku nne za kazi ya fundi na kijana wake. Mbao wakasema ni za mkufunzi, auze pamoja na nyumba. Ujira wa siku nne ukabaki kwa fundi. Kilichosalia fundi akakubali kukirudisha kwa mafungu mawili, nacho akakirudisha. Nyumba ilinunuliwa na mtu ambaye alifurahi kukuta mbao ziko tayari, na fundi yule yule ndiye aliyeiezeka.

Wazee wale hawakuwa wamesoma sheria ya Uingereza ya mwaka 1943. Walifika mahali pale pale kwa kuuliza swali lile lile. Nami nimejiuliza mara nyingi, je, ingekuwaje kama mkufunzi angekwenda moja kwa moja polisi? Hili si swali la kubuni tu, kwa sababu historia inatuonyesha njia nyingine, ya ukali, ambayo dola iliwahi kuifuata.

Mwaka 1859 serikali ya Waingereza nchini India ilitunga sheria ya kuwaadhibu mafundi, wafanyakazi na vibarua waliochukua fedha ya kutanguliza kisha wakaacha kazi. Waliolalamika walikuwa wenye viwanda na wafanyabiashara wa miji mikubwa kama Calcutta, Madras na Bombay. Kwa sheria hiyo, hakimu aliweza kumwamuru fundi arudishe fedha au amalize kazi. Akishindwa kutii, aliweza kufungwa jela na kazi ngumu kwa muda usiozidi miezi mitatu. Mwenye kazi aliyemkosea fundi hakuwekewa jela ya namna hiyo. Baadaye sheria hiyo ilitumiwa hata katika mashamba ya chai ya Assam, ambako fedha kidogo ya kutanguliza iligeuka pingu ya kumshikilia kibarua. Ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1925. Kwa miaka zaidi ya sitini, basi, jambo lililo la madai kwa tajiri lilikuwa la jinai kwa fundi.

Namshukuru Mungu kwamba sheria tuliyoirithi kwa ajili ya mikataba ni nyingine, nayo ni ile ya India ya mwaka 1872. Waingereza waliitumia katika maeneo yao mengi ya Afrika Mashariki. Kenya iliachana nayo kwa sheria ya mwaka 1960 na kuzifuata kanuni za Uingereza zenyewe. Tanganyika ilitunga sheria yake ya mikataba mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru, ikiifuata ile ya India karibu kifungu kwa kifungu, na ndiyo Tanzania Bara inayoitumia hadi sasa. Kifungu cha 65 kinasema kwamba mapatano yakibatilika, aliyepata manufaa kutokana nayo ayarudishe au ayafidie. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Na kifungu cha 74 kinasema hata kama watu waliandika kiasi cha kulipwa mkataba ukivunjwa, mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Humo hamna pingu. Mna hesabu.

Hata hivyo tabia ya kukimbilia polisi haijatuacha. Mwenye nyumba aliyechoka kungoja husema ametapeliwa, na hutaka fundi alale ndani mpaka ndugu zake wachange. Sisemi kwamba matapeli hawapo. Wapo, na wengine hawajui hata kushika mwiko. Lakini kumtenganisha mwongo na aliyeshindwa si kazi nyepesi. Mwaka 1955 mahakama ya rufani ya jinai ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mtu aliyechukua fedha za kutanguliza kwa wakulima kwa ahadi ya kuwaangamizia wanyama waharibifu mashambani. Majaji walifuta hatia yake, kwa hoja kwamba sheria ya wakati huo iliadhibu uongo juu ya jambo lililopo au lililopita, na ahadi ya jambo lijalo haikuwa uongo wa namna hiyo. Bunge lao liliziba pengo hilo mwaka 1968 kwa kusema kwamba anayeficha nia yake ya sasa naye amedanganya. Fundisho langu katika habari hii ni kwamba jinai huamuliwa na nia aliyokuwa nayo fundi siku alipoipokea fedha, na nia haionekani kwa macho. Wala kuchelewa peke yake si ushahidi wake.

Mara nyingi, tena, kiini cha kuchelewa si nia mbaya bali ni umaskini uliopangwa vibaya. Nimewaona mafundi wengi wakifanya kile wanachokiita kuzungusha. Fundi anachukua fedha ya nyumba ya kwanza, lakini bei aliyopatana ilikuwa ndogo mno kwa sababu aliogopa kuikosa kazi. Fedha inaisha kabla ya lipu kukamilika. Anatafuta nyumba ya pili, anapewa arbuni, na kwa arbuni hiyo anamalizia nyumba ya kwanza. Sasa nyumba ya pili haina mchanga, basi anatafuta ya tatu. Kila mwenye nyumba analipia kazi ya jirani yake bila ya kujua. Mnyororo huu unaweza kwenda hata mwaka mzima, na kwa muda wote huo fundi anaonekana mwenye kazi nyingi na sifa njema. Siku mvua zinapoanza, au mtoto anapougua, au mteja mmoja anapoghairi, mnyororo hukatika, na wa mwisho ndiye anayebaki na lundo la kokoto. Wa mwisho huyo humwita fundi mwizi. Fundi, kwa upande wake, anaona ameanguka tu.

Wakandarasi wakubwa walikwisha kupata dawa ya ugonjwa huu. Katika mikataba mikubwa ya barabara na majengo, fedha ya kutanguliza hutolewa kwa kawaida dhidi ya dhamana ya benki. Kisha hukatwa kidogo kidogo katika kila hati ya malipo kadiri kazi inavyokwenda, na sehemu ya malipo hushikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe. Fedha ile ina jina, ina njia, na ina mwisho. Tanzania ilianzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997. Lakini fundi wa mtaani, anayekuja na ndoo, mwiko na kijana mmoja kurekebisha dari ya chumba kimoja, hana benki ya kumdhamini. Dhamana yake ni uso wake.

Nchi nyingine zimejaribu kuwasaidia wadogo kwa njia zao. Marekani, ambako wachuuzi wa matengenezo ya nyumba walikuwa wakipita mlango kwa mlango na kuwasainisha watu mikataba papo hapo, kanuni iliyotolewa mwaka 1972 iliwapa walionunua kitu au huduma nyumbani kwao siku tatu za kazi za kughairi, na muuzaji akatakiwa kurudisha fedha ndani ya siku kumi za kazi. Jimbo la California limeweka kikomo cha fedha anayoweza kutanguliziwa mkandarasi wa matengenezo ya nyumba: asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, ikiwa na uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku sitini. Sisi tunazo Mahakama za Mwanzo, ambazo kwa miaka mingi zimesikiliza watu kwa Kiswahili, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu zote. Hilo si jambo dogo. Fundi ambaye hawezi kusoma alichotia sahihi hajapatana na mtu. Amepewa karatasi tu.

Kikomo cha California kingetufaa? Sidhani kingetufaa kama kilivyo. Pale fundi hukopeshwa vifaa na duka kwa sababu duka linaweza kumdai. Hapa duka linataka fedha taslimu, na ukimwambia fundi aanze kwa asilimia 10, umemwambia asianze. Njia iliyo karibu nasi zaidi ni ile ambayo wenye nyumba waangalifu wameifuata bila ya kufundishwa na mtu: kuigawa bahasha. Vifaa hununuliwa na mwenye nyumba mwenyewe, au kwa kwenda dukani pamoja na fundi, na stakabadhi hubaki kwake. Ujira hulipwa kwa hatua: msingi, lenta, kenchi, bati, lipu. Na ikiwa kuna fedha ya kumfungia fundi siku zake, basi iwe ndogo, itajwe kwamba ni ya hiyo kazi, na itajwe itakuwaje kila upande ukighairi. Warumi walilijua hili, na Baraza la Fiqhi lilidai muda utajwe. Karatasi ya daftari la shule inatosha, yenye tarehe, majina mawili na shahidi mmoja. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua lipo jambo linalotuzuia, nalo si ujinga. Ni haya. Kumwambia mtu wa mtaa mmoja, "Tuandikishane," huonekana kama kumwambia, "Sikuamini." Nimewasikia watu wakisema kwamba fundi ni kama ndugu, na ndugu haandikiwi. Maisha ya kazi yamenifundisha kufikiri kinyume. Katika vyuo na shule, ugomvi mkali zaidi nilioushuhudia haukuwa kati ya watu waliochukiana tangu mwanzo. Ulikuwa kati ya walioheshimiana mno hata wakaona aibu kuelezana. Maandishi hayaondoi imani. Huihifadhi kwa ajili ya siku ambayo uhamisho utafika, bei zitapanda, au mmoja atalala kitandani asiamke.

Tena tukumbuke ni nini hasa kilicho ndani ya bahasha. Kwa mwenye nyumba, mara nyingi ni akiba ya miaka: kiinua mgongo, mavuno ya korosho ya misimu miwili, au mchango wa mtoto aliye mbali. Kwa fundi, ni uwezo wa kuamka asubuhi na kwenda kazini badala ya kukaa kijiweni. Mtu anayesema "nitangulizie" anakiri kwamba hana mtaji. Mtu anayetanguliza anakiri kwamba hana njia ya kulazimisha. Wote wawili wako uchi kidogo mbele ya mwenziwe, na ndiyo maana wanapogombana hasira yao huwa kubwa kuliko fedha yenyewe.

Ahadi ni deni, nasi tumelirudia neno hilo tangu utotoni. Ningependa tuliongezee kwamba deni lisilotajwa haliwezi kulipwa sawasawa, hata na mtu mwaminifu. Kwa hiyo siku fundi atakapokuomba arbuni, mpe ukiweza, lakini kabla bahasha haijatoka mkononi mwako muulize swali la yule mzee: hii ni ya nini? Akijibu, mwache amalize, nawe useme lako. Mazungumzo hayo yatachukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Kesi huchukua misimu miwili ya mvua, na kwa muda wote huo nyumba huwa haina paa.